Sauti Iliyobaki Redioni

Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na vyumba vingi, lakini mlango uliojulikana mtaa mzima ni mmoja tu, wa Bi Asubuhi. Mgeni akipotea anaambiwa, "Nenda mpaka pale anapokaa mtangazaji, ukifika ulizia." Jina lake la kuzaliwa tulilijua wachache. Wengine wote walimwita kwa salamu yake, maana kipindi chake kila siku kilianza kwa neno hilo hilo, "Asubuhiii," akilivuta kidogo mwishoni, kama mtu anayefungua pazia taratibu asimshtue aliyelala.

Mimi ni msusi. Kiti changu kilikuwa kibarazani, mlango wa pili kutoka kwake, na msusi hana haja ya kuzunguka akitafuta habari. Zinakuja zenyewe, zinakaa mbele yake na kuinamisha kichwa. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe, na mengine niliyapata kwa waliokuwapo.

Hakufanana hata kidogo na sauti yake. Waliomsikia redioni walimtegemea mwanamke mrefu mwenye shingo ndefu, na yeye alikuwa mfupi, kajaa kiasi, anavaa viatu vya mchuchumio ili aone juu ya kaunta ya duka. Kwenye foleni watu walimpita kama hayupo. Akisema, "Samahani dada, nilikuwa mbele yako," foleni nzima inageuka. "Kumbe ndiye wewe!" Anacheka, anasalimia kila mmoja, na mara nyingi foleni inampita tena akiwa bado anasalimia.

Aliishi na mama yake mzazi, mzee asiyeona. Kaka yake mkubwa alikuwa mji mwingine na familia yake, kwa hiyo mama alikuwa wake peke yake. Mzee yule alikaa kitandani asubuhi na redio ndogo mapajani, na mwanawe akirudi kazini kitu cha kwanza kupokea si pole, ni hukumu. "Leo taarifa ya mvua umeikimbiza. Ulikuwa na njaa?" Au, "Ule wimbo wa tatu nani aliuchagua? Mwambieni aache." Bi Asubuhi alijibu hukumu zote kwa heshima, huku akivua viatu na kunikonyeza mimi niliyekuwa mlangoni.

Kazini alikuwa na msimamo mmoja, na kwa huo wenzake walimwona msumbufu. Hakusoma tangazo lisilo na mwenyewe. Likija, anataka kujua limetoka kwa nani, na huyo nani anapatikana kwenye simu gani. Fundi mitambo wa pale redioni, ambaye mkewe ni mteja wangu, alinisimulia siku ilipoletwa taarifa kwamba shule fulani imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Bi Asubuhi aliweka wimbo, akampigia mwalimu mkuu wimbo ukiendelea, akamkuta yuko darasani anafundisha. Karatasi ile aliikunja akaitupa, wimbo ukaisha, akaendelea na habari za mpira kama vile hakuna kilichotokea.

Kisha akaja mkurugenzi mpya. Mtu mstaarabu, wala simsingizii ukali. Alimwomba Bi Asubuhi abaki kidogo kila siku baada ya kipindi, aingie chumba kidogo kisichopitisha kelele, asome sentensi. Alimwambia ni za kuhifadhi, ili siku akiugua kituo kisikose cha kurusha. Alipewa karatasi za makubaliano, akatia sahihi. Mimi mwenyewe ningetia.

Siku hizo alirudi sauti imemkauka, akawa anakuja kibarazani kwangu kutusimulia. "Leo nimesoma, 'Mbuzi mwekundu amevuka daraja na mwavuli.' Nimewauliza, huyo mbuzi anaishi wapi nikampe pole?" Wateja walicheka mpaka nikashindwa kunyoosha mstari wa nywele. Walimtaka asome kwa furaha, kwa hasira, kwa kunong'ona. Walimtaka acheke, akawaambia basi nichekesheni. Walipotaka huzuni ilimshinda, ikabidi fundi mitambo amshauri akumbuke jambo lililowahi kumuumiza. Akakumbuka siku waliyomzika baba yake. "Hapo nikasoma vizuri," akatuambia, na siku hiyo hakucheka.

Haikupita muda mrefu akaitwa ofisini na wenzake kadhaa, wakaambiwa kituo kinapunguza watu. Hawakupewa hata nafasi ya kuwaaga wasikilizaji. Alirudi na kikombe chake cha chai na mto wa kiti ndani ya mfuko wa nailoni, akapita kibarazani moja kwa moja, nasi tukajua.

Kesho yake aliamka mapema vilevile kwa mazoea. Nilikuwa nimeingia kwao kuomba kiberiti. Alikuwa ameketi kando ya mama yake, amemshikia kikombe, na redio ikasema, "Asubuhiii."

Mzee akatabasamu. Halafu tabasamu likasita. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akagusa goti la mwanawe.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe uko hapa."

"Ni kompyuta, mama. Ile akili bandia wanayosema. Wameifundisha kwa zile sentensi zangu."

Mzee alisikiliza taarifa nzima, kichwa amekiinamisha upande. "Haivuti pumzi," akasema mwishowe. "Mtu gani anasema yote hayo bila kuvuta pumzi?"

Mwanzoni tulilifanya jambo la mzaha. Bi Asubuhi akipita, vijana wa pale dukani wanamtania, "Mama, umefikaje hapa na redioni upo?" Naye anajibu, "Nimejigawa." Lakini mzaha ule ulianza kuchacha. Katika miaka yake yote alikuwa amekataa kusoma matangazo ya kamari na ya dawa zinazotibu kila kitu, na wakubwa walikuwa wamemzoea, wanawapa wengine. Sasa sauti yake ilisoma yote. Ilisifia kamari kwa kicheko kile alichokitoa siku aliyowaambia wamchekeshe. Siku moja mteja wangu, mama mwenye kisukari, alimshika mkono kwa furaha: "Ile dawa ya majani uliyosema, nimeianza. Vidonge vya hospitali nimeviacha." Bi Asubuhi alimkalisha chini, akamsihi, akamwambia si yeye. Yule mama alimtazama kama mtu anayefanyiwa mchezo. "Sauti yako naijua mimi," akasema. Alikuja kurudia vidonge baada ya kulazwa.

Nisingekaa kusimulia kama yangeishia hapo. Yaliyomvunja ni ya soko.

Alikuwa na shoga yake wa tangu ujana, mshonaji, aliyeshona na mumewe kwenye kibanda kimoja katika soko la bondeni. Mke anakata, mume anashona. Vyerehani vyao vilikuwa mguu kwa mguu, na maneno yao ya kutaniana yalisikika vibanda vitatu mbali. Manispaa iliamua kulibomoa soko lile. Vibanda vikapigwa alama ya rangi nyekundu, siku ikatajwa. Watu wakalia, wakalalamika, mwisho wakaanza kuhamisha vitu.

Siku yenyewe, asubuhi, redio ikatangaza: manispaa imeahirisha ubomoaji mpaka itakapotoa taarifa nyingine, wafanyabiashara waendelee na shughuli zao kwa amani. Mshonaji alikuwa tayari na mkokoteni mlangoni, cherehani kimoja kimeshapakiwa. Akamwambia mwenye mkokoteni akishushe. Jirani wa kibanda akamuuliza ana hakika gani.

"Si umemsikia mwenyewe?" mshonaji akajibu. "Huyo namjua mimi. Hasomi kitu asichokijua mwenyewe."

Na kwa neno lake hilo wengine nao wakarudisha mizigo.

Taarifa ile haikutoka manispaa. Nani aliituma redioni, mpaka leo haijajulikana. Ilikuja na nembo na muhuri, ikaingia kwenye mtambo, na mtambo ukaisoma. Hakuna mkono wa mtu ulioigusa njiani. Hakuna aliyeweka wimbo apige simu.

Matingatinga yalifika jua likiwa juu, na askari. Watu waliochanganyikiwa walipiga kelele kwamba imeahirishwa, askari wakadhani ni ujanja wa kuchelewesha kazi. Mume wa mshonaji aliingia ndani kuokoa cherehani. Alikuwa amekikumbatia anatoka nacho, ukuta wa kibanda cha jirani ulipouangukia wa kwao. Yeye alitolewa akiwa hai. Mkono wa kulia haukupona. Madaktari waliukata chini ya kiwiko.

Mimi ndiye niliyempelekea Bi Asubuhi habari. Alitoka bila khanga ya kichwani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Hospitali alimkuta shoga yake amekaa kwenye korido na magauni mawili ya wateja mapajani, yaliyobaki kwenye mfuko aliokuwa nao.

"Ndugu yangu," Bi Asubuhi akaanza.

Mshonaji akaziba masikio kwa mikono yake miwili. Hakupiga kelele, hakutukana. Aliziba masikio, akainama, akawa hivyo mpaka nesi akatuomba tuondoke.

Bi Asubuhi hakurudi nyumbani. Alikwenda sokoni moja kwa moja, nami nikimfuata kwa nyuma, namwomba atulie. Watu walikuwa wanachambua mabati na mbao. Akapanda juu ya matofali yaliyorundikana, akasema kwa nguvu kwamba taarifa ile hakuisoma yeye, kwamba hajakanyaga redioni siku nyingi, kwamba ile ni mashine. Aliongea vizuri. Aliongea kama alivyoongea siku zote, kila neno limekaa mahali pake, na nikaona nyuso zikibadilika kwa hasira. Kwa sababu ilikuwa ni sauti ile ile. Kila alivyozidi kujitetea, ndivyo walivyozidi kuisikia ya asubuhi ile.

Muuza ndoo mmoja akamuuliza, "Hiyo sauti ni yako au si yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi shuka hapo, mama. Shuka utuache."

Hawakumgusa. Walimpa mgongo tu, wakaendelea na mabati yao.

Alikwenda kwa mkurugenzi. Mazungumzo yale alinisimulia zaidi ya mara moja, neno kwa neno, na kila mara aliishia pale pale. Alimuuliza nani alisoma taarifa. Akajibiwa, mfumo. Nani aliupa mfumo? Ilitumwa. Nani aliihakiki?

"Tunalichunguza, mama."

"Mwenye kosa ni nani?"

Mkurugenzi alizunguka meza, akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Kwa kweli ukitazama hatua kwa hatua, hapa hakuna mtu aliyekosea."

"Kuna mtu hana mkono."

"Nasikitika sana. Nasikitika kutoka moyoni."

"Basi izimeni. Wekeni sauti nyingine, hata ya bati. Msitumie yangu."

Mkurugenzi akamkumbusha makubaliano, kwa upole. Kisha akasema, "Na pia elewa, mama. Sauti nyingine tumejaribu. Hii wasikilizaji wanaiamini."

Neno hilo ndilo lililomuua. "Wanaiamini," alikuwa akiniambia, akijipiga kifua taratibu. "Iliaminiwa kwa sababu nilikuwa nakataa. Kila tangazo nililolikataa, kila simu niliyopiga, kila ugomvi na wakubwa, ndiyo imani hiyo. Wameichukua, mimi wamenitoa."

Alijaribu kwa wakili wa msaada wa sheria, binti mwenye haraka na moyo mzuri. Akamweleza wazi kwamba sauti aliwapa kwa hiari, na sheria inayosema mtu anaweza kuidai irudi hakuiona. Akamwambia arudi tena. Aliporudi, binti alikuwa amehamishwa.

Kituo kikaona watu wamechukia, kikaamua kuomba radhi. Lakini hakikumwita mtu. Asubuhi moja tulisikia wote, redio zimewashwa vyumba vyote: "Mimi mtangazaji wenu, kwa moyo uliopondeka, nawaomba radhi..." Ilikuwa sauti nzito, inatetemeka kwa mbali. Mteja aliyekuwa kitini kwangu alifuta machozi. Mlango wa Bi Asubuhi ulikuwa wazi, nikamwona amesimama katikati ya chumba na ufagio mkononi.

"Hiyo ni huzuni ya baba yangu," akasema. "Hiyo niliitoa siku ile. Wanaomba radhi kwa kilio changu cha baba."

Jioni ya siku hiyo mshonaji alikuja. Sisi sote uani tuliacha tulichokuwa tukifanya. Hakuingia, alisimama kizingitini.

"Umewaomba radhi watu wote wenye redio," akasema. "Mlango wangu ndio umekushinda?"

"Shoga yangu, sikuomba mimi."

"Basi hata radhi hukuomba," mshonaji akasema, akaondoka zake.

Nilimwambia Bi Asubuhi amkimbilie. Hakukimbia. Tangu jioni hiyo akaanza kupunguza maneno. Dukani alionyesha kwa kidole. Watu wa nyumbani alitusalimia kwa kunong'ona, na mnong'ono ule ukawa ndio sauti yake, unakwaruza, wa mtu mzima kuliko yeye. Nilidhani ni koo. Nilimchemshia tangawizi, akaipokea kwa shukrani, akanywa, akanong'ona asante.

Wakati huo mama yake naye alikuwa anaondoka kidogo kidogo, akili ikija na kwenda. Yule mzee aliyesema haivuti pumzi alisahau kwamba aliwahi kusema hivyo. Redio ikisalimia, anaitikia. Anaiuliza imekula nini. Anaihukumu kama zamani, "Leo umesoma vizuri, mwanangu." Na mwanawe amekaa hapo hapo, anamlisha uji kwa kijiko.

Siku moja nilikuwa naosha masega yangu uani nikasikia mzee akilia. Bi Asubuhi alikuwa ameizima redio.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Ni mimi."

"Wewe ni yule dada wa kunifulia. Mwanangu ana sauti nzuri. Niitie mwanangu."

Bi Asubuhi akajikohoza. Nikamsikia akijaribu. "Asubuhiii," akasema, na ile iii ikamvunjikia kooni. Akajaribu tena. Mama yake akazidi kulia, kama mtoto anayedanganywa. Halafu nikasikia kitufe kikibonyezwa, na sauti changa, safi, isiyochoka, ikaanza kutangaza bei ya mabati. Mzee akatulia.

Kuanzia hapo redio haikuzimwa tena. Mzee alifariki mchana mmoja wa kawaida, uso umeelekea redioni. Mwanawe alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mkono mzee alitaka uwe juu ya redio. Aliniambia jambo hilo siku ya msiba bila chozi. Mshonaji hakuja. Alileta khanga kwa mkono wa mtu.

Bi Asubuhi alihama kwenda mji wa kaka yake. Nilipata safari ya kwenda huko, nikamtafuta. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, uani kwa nyuma, kwenye karo la saruji na kamba ndefu za kuanikia. Nilipomuulizia, msichana wa mapokezi alisema, "Aah, yule bubu? Yuko nyuma." Nilitaka kumsahihisha, nikaona si kazi yangu.

Tulikaa kwenye kingo za karo. Alikuwa amekonda. Alinong'ona kwa shida, akiangalia mlango asisikiwe. "Nikisema wananijua," akaniambia. "Wakinijua wataniuliza. Nikiulizwa nitajibu kwa sauti gani?"

Nikampa habari za nyumbani. Nilimwambia mume wa mshonaji anajifunza kushona kwa mkono wa kushoto na kitambaa kinamkimbia. Akaniuliza kama shoga yake humtaja. Ningeweza kudanganya. Nilimwambia hapana.

Kisha akauliza, "Bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Na kwamba kituo kimewauzia wengine sauti hiyo pia, sasa inasoma hadithi za watoto na inajibu simu za hospitali. Aliitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa habari za ndugu wa mbali. Maji ya karo yalikuwa yanajaa, akafunga bomba. Nilisimama kuaga, nikangoja aseme lolote, hata jina langu tu. Alininyooshea mkono wenye povu, akautazama, akaufuta kwenye gauni, akanipa, kisha akageukia mashuka yake.